Duka la Shangazi Lapigwa X, Likabebwa Begani!

Wale mliozoea kunikuta hapa na visa vya mapenzi mnivumilie, wiki hii nina kisa cha spana namba 19.

Hapa mjini ukitaja nyumba ya kuhamishika, kila mtu anafikiria kontena. Linapakwa rangi ya pinki, linatobolewa dirisha, kinafungwa kiyoyozi, tayari ni saluni na kinadada wamepanga foleni. Sikatai, kontena lina mapozi yake. Ila kontena la futi 20 likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya tani mbili, bila winchi halinyanyuki. Sasa iombe hiyo winchi ukiwa Buhigwe, milimani, mvua imenyesha, uone utaisubiri mpaka lini!

Kwa wasiofahamu, Buhigwe ni wilaya ya mkoa wa Kigoma iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ukivuka Manyovu umeingia Burundi. Huko ndiko aliko shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke wa shoka. Alikuwa na duka la tofali mbichi pembeni ya barabara: chumvi, sabuni, sukari ya kupima, vocha. Akiba ya miaka tisa ilikuwa mle ndani.

Ikaja habari ya lami. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinishia mkopo mwaka 2018. Kila mtu aliitaka lami ile, shangazi akiwa wa kwanza kupiga vigelegele. Halafu asubuhi moja akafungua duka akakuta X nyekundu ukutani.

Msomaji, ile X usiombe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekutwa kati ya mistari hiyo miwili angalau ana la kudai. Shangazi alikuwa ndani hata ya ule mstari wa zamani, kwa hiyo fidia hakuna. Mwenyewe anakiri alijenga karibu ili wateja wasitembee.

Mimi nilikuwa nimekwenda kula likizo, nikakuta kasheshe. Shangazi amekaa juu ya kreti la soda, mbele yake mlango, dirisha na rundo la mabati. Ukuta umebaki peke yake kama jino bovu.

"Shikamoo shangazi. Pole."

"Marahaba mwanangu. Tofali ni udongo, zitarudi udongoni. Mali ni bati. Lakini hebu litazame!"

Nikalitazama. Kila penye msumari pana tundu, na kila tundu limepanuka wakati wa kung'oa. Ukiligongomea upya kwenye mbao nyingine matundu hayakutani, unatoboa mengine, na mvua za kule zinaanza Oktoba mpaka Mei. Baada ya kuhama mara mbili una chujio, si bati.

Hapo ndipo akaitwa fundi mmoja wa Kasulu, mzee mpole, penseli sikioni. Baada ya Warundi kuanza kumiminika Aprili 2015 alipata kibarua cha kujenga makazi kambini Nduta, na baadaye Mtendeli. Ameona mahema, ameona nyumba za tofali mbichi na bati. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Anasema kambi ndiyo iliyomfundisha kuuliza swali moja kabla hajapiga msumari: hii itafunguliwaje?

Nikajifanya mjuaji wa mjini. Nikatoa simu nikamwonyesha ile nyumba ya Better Shelter, ya Waswidi, iliyobuniwa na wenzao wa UNHCR na IKEA Foundation. Inakuja ndani ya maboksi mawili, mita za mraba 17.5, fremu ya chuma, kuta za plastiki, na watu wanne wanaisimamisha ndani ya siku moja. Ilipewa tuzo ya Beazley huko London ya mwaka 2016. Nikamwambia pia kwamba Desemba 2015 jiji la Zürich lilizipima kwa moto, likaghairi kuzitumia.

Mzee akatazama kwa makini, akavuta picha kwa vidole. "Fundi wake anajua kazi," akasema. "Watu wanne, siku moja, hiyo nimeipenda. Ila kijana wangu, huo ukuta ukipasuka hapa Manyovu, kipande kingine nakipata duka gani?"

Nikakosa jibu. Ndiyo nikaelewa kwa nini kila kitu alichochora kilikuwa kinauzwa Kasulu mjini.

Duka lilikuwa futi 8 kwa 12. Akakata ukuta vipande kumi, kila kimoja upana futi 4, fremu ya mbao mbili kwa tatu. Uzito wake? Watu wawili wanabeba huku wanapiga stori. Kipande kimoja kina mlango, kingine dirisha la kuuzia. Vipande vinashikana kwa bolti za milimita 12, tatu kila kiungo. Viungo kumi, bolti 30, na zote zinafunguliwa na spana moja tu, namba 19. Msumari ukiung'oa umeharibu mbao, bolti inatoka na kurudi palepale.

Paa ndilo lililonimaliza. Hakugongomea bati juu ya nyumba. Alitengeneza paa vipande vitatu, kila kimoja na fremu yake, bati la futi 10 limeshapigiliwa moja kwa moja. Kwenye maungio anafunika kwa mkanda wa bati. Likihama, paa linahama na misumari yake, hakuna tundu jipya.

Kila fremu akaitia mbao ya mshazari, kona hadi kona. Nikamuuliza ya nini, mbao zenyewe ghali. Akaunga fremu moja bila mshazari, akaniambia nisukume. Mraba ukalala kama mlevi! Kisha akanifundisha kupima kwa kamba: kona hadi kona, njia zote mbili, urefu ukilingana fremu imenyooka.

Na upepo je? Nyumba nyepesi haianguki, inaruka. Kwa hiyo kila pembe akazika kipande cha nondo ndani ya zege, ncha juu, ikakamata fremu ya chini. Siku ya kuhama unaiacha nondo ardhini. Hasara ndogo.

Usidhani mambo yalinyooka yote. Vipande alivipa namba kwa chaki. Vikalala nje, usiku ikanyesha, asubuhi namba hakuna. Tulizunguka na vipande kumi tangu saa moja mpaka alasiri, tundu hili halioni tundu lile, shangazi anatusema kwa Kiha mimi sielewi ila sauti inatosha. Mzee hakubishana. Akapasha moto msumari wa nchi sita, akachoma namba kwenye mbao moja baada ya nyingine. Zile hazifutiki.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1916 Peter Norman Nissen wa jeshi la Uingereza alibuni kibanda cha bati kama pipa lililopasuliwa katikati, wanaume sita wakikisimamisha kwa saa nne. Sisi tulikuwa watano, na tulichukua siku mbili, ukihesabu na ile ya chaki.

Miezi saba baadaye shangazi akahama tena, safari hii kwa hiari. Lami ilikuwa imeanza kupita na wateja wamehamia upande wa stendi. Vijana wanne, asubuhi wakafungua, jioni akawasha taa na kuuza sukari. Bolti moja ilipotea kwenye majani, akanunua nyingine.

Juzi nilikuwa huko. Spana inaning'inia kwenye msumari, juu ya mzani. Nikamwomba niitumie kukaza gurudumu la baiskeli, dakika mbili tu.

Akakataa katakata.