Nakala Ikae kwa Mwandishi

Chukua mstari wenye makosa mawili: "da 51000". Karani wa chama cha akiba aliye Mwanza anaongeza "a" mwanzoni, isomeke "ada". Wakati huohuo mhasibu aliye Tanga anafuta 1, ambayo ukihesabu na nafasi tupu ni alama ya tano, ili ada iwe 5000. Programu wanayoandikia pamoja ikituma agizo la "futa alama ya tano" na basi, litakuta mstari wa Mwanza umeshasogea: ya tano sasa ni 5. Ada inabaki 1000, kiasi ambacho hakuna aliyekiandika. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walipendekeza agizo lililochelewa lirekebishwe kwanza, "ya tano" igeuke "ya sita". Google Docs inafuata njia hiyo, ikitegemea seva ya kuamua nani katangulia. Njia nyingine, iliyofafanuliwa rasmi na Marc Shapiro na wenzake mwaka 2011, huipa kila herufi kitambulisho kisichobadilika. Mhasibu anafuta 1 ileile popote ilipohamia, na nakala mbili zikikutana hata baada ya wiki zitalingana bila mwamuzi.

Kwetu hii ya pili ndiyo ya kuwekeza. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, programu inayongoja seva ya ng'ambo hutenganisha hata watu wa ofisi moja. Kweli, Google Docs huruhusu kuandika bila mtandao, lakini kazi zenu haziunganishwi mpaka seva ipatikane. Wengine husema vitambulisho vyote hivyo hunenepesha faili. Ni kweli, ingawa maktaba za programu zinazotumia njia hii, kama Yjs na Automerge, zimepunguza sana uzito huo kwa kuvibana.

Pingamizi linalonisumbua ni la maana yenyewe. Karani akibadili 5 ya 5000 kuwa 6, na mhasibu akaibadili kuwa 7, nakala zote zitakubaliana vizuri kabisa: 67000, au 76000. Hesabu imetimia, ada imeharibika. Kwa hiyo programu ya kukabidhiwa fedha za watu lazima ipake rangi mahali hapo na kuonyesha majina ya wote wawili, mpaka mmoja ampigie mwenzake simu.