MOTO BILA KUNI: BIOGAZI NA AMANI KATI YA MAJIRANI

 Leo tunazungumza juu ya moto wa jikoni, kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia hapo. Mgeni anakata mti wa mwenyeji ili apike, na mwenyeji anakasirika. Mama anakwenda mbali kutafuta kuni, na njiani anakutana na watu wenye silaha. Makala yanayochomwa katika msitu wa Kahuzi-Biega yanamaliza msitu. Basi wengi wanauliza: mavi ya ng'ombe yanaweza kweli kutupa moto?

Ndiyo, yanaweza. Lakini tusidanganyane, tufanye hesabu pamoja.

Mavi yanachanganywa na maji, kipimo kwa kipimo, na kuingizwa katika shimo lililojengwa kwa matofali na simenti, lisiloingiza hewa. Ndani yake vijidudu vinakula mavi na kutoa gazi inayowaka. Ng'ombe mmoja anayelala zizini anatoa karibu kilo 10 za mavi kwa siku. Kilo moja inatoa litri 35 hivi za gazi. Ng'ombe watatu, basi, ni litri 1000 kwa siku, nayo inapika kwa muda wa saa mbili na nusu katika jiko moja. Ng'ombe wawili watakupa chai na bugali. Kwa maharagi utarudi kwenye mbabula. Na ng'ombe anayechungwa mchana kutwa anaacha nusu ya mavi yake mlimani.

Tena, Bukavu iko juu, karibu metre 1500, na kuna baridi. Vijidudu vinapenda joto la digri 35. Kwetu vinafanya kazi polepole, kwa hiyo shimo liwe kubwa zaidi. Na maji je? Kilo 30 zinataka litri 30, yaani bidoni moja na nusu kila siku. Asiye na maji karibu, asijenge.

Tutazame kwa jirani. Ng'ambo ya Ruzizi, katika gereza la Cyangugu, chuo cha KIST cha Kigali kilijenga mtambo mwaka 2001, uliotumia choo cha wafungwa. Kuni zilipungua karibu nusu. Lakini katika mpango wa biogazi wa nyumbani ulioanza Rwanda mwaka 2007, mitambo mingi ilisimama baadaye: ng'ombe waliuzwa, au hakukuwa na fundi wa kutengeneza. Shimo halifi kwa ubaya wake. Linakufa kwa njaa.

Kwenu mliokimbia: wengi ng'ombe wenu waliporwa. Asiye na ng'ombe asikubali kuuziwa shimo. Lakini mnaweza kushirikiana. Mwenyeji ana ng'ombe. Mgeni ana mikono ya kuchota maji na kuchanganya. Mmoja apike asubuhi, mwingine jioni. Uji unaotoka shimoni ni mbolea nzuri ya migomba na mboga, nao ugawanywe.

Kwenu mashefu na wazee: shimo halihamishwi. Mgeni akirudi kwao, linabaki katika lupango la mwenyeji. Kwa hiyo andikeni mapatano mbele ya mashahidi kabla ya kuchimba: simenti ni ya nani, zamu ni za nani, na anayeondoka atalipwa nini. Msipoandika, mtakuwa mmechimba ugomvi mpya.

Neno la mwisho, la usalama. Usitafute mahali gazi inapovuja kwa kuwasha kibiriti. Paka maji ya sabuni kwenye bomba. Penye povu ndipo panapovuja.

Mnaposoma maneno haya, kaeni pamoja, wenyeji na wageni, mhesabu ng'ombe na bidoni. Hesabu ikikataa, pandeni miti ya kuni pamoja. Amani iwe nanyi.