Vernazza: mji unaoshikiliwa na kuta za mawe

Wengi mmeshaziona picha za Vernazza, Italia: nyumba za waridi na njano zimebanana kandokando ya bahari, boti ziko chini. Leo tuziache nyumba kidogo, tuangalie mlima ulio nyuma yake. Habari yenyewe iko huko.

Vernazza ni kimoja kati ya vijiji vitano vya Cinque Terre, mkoa wa Liguria. Kinatajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1080. Kina kanisa la Santa Margherita d'Antiochia lililo karibu kabisa na maji, na mnara wa ngome ya Doria uliokuwa wa kuwachungulia maharamia.

Sasa mlima. Umesimama kweli kweli, tambarare ya kulima hakuna. Basi kwa karne nyingi wakulima wakauchonga ngazi ngazi, kila ngazi ikazuiwa na ukuta wa mawe matupu, bila saruji wala chokaa. Juu wakapanda mizabibu. Kwa nini bila saruji? Kwa sababu maji ya mvua yanapenya katikati ya mawe na kutoka taratibu, udongo unabaki. Ukuta ulioziba, maji yangeusukuma mpaka uanguke.

Tatizo ni kwamba ukuta huo unataka mtu. Jiwe likidondoka, lirudishwe. Vijana walipoacha jembe wakafuata kazi za mjini na utalii, mashamba mengi yakageuka pori na kuta zikaanza kubomoka.

Tarehe 25 Oktoba 2011 ikapiga mvua ya kutisha. Tope na mawe vikashuka mpaka barabara kuu ya kijiji, maduka yakafukiwa, na watu watatu wakafa hapo Vernazza. Mvua yenyewe haikuwa mchezo, lakini watafiti waliochunguza maporomoko walikuta ngazi zilizotelekezwa miaka ya karibuni ziliathirika zaidi.

UNESCO iliiweka Cinque Terre kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Mwaka 2018 ikautambua na ufundi wenyewe wa kujenga kuta hizo, kwa Italia na nchi nyingine saba. Safi sana, ila cheti hakinyanyui jiwe.

Mimi naona pesa ya mtalii ingeanza kumlipa fundi wa ukuta, rangi za nyumba zifuate. Nyie mnaonaje, wadau? Tupieni maoni hapo chini.