MAFUTA KATIKA DAMU: PUNGUZA SUKARI NA POMBE, USITUPE MAFUTA YA MGAO



Huenda wewe au mtu wa nyumbani kwako amepimwa damu mjini Juba akaambiwa, "Mafuta yako yako juu." Akisikia hivyo, mtu huweza kuacha kabisa mafuta ya kupikia ya mgao, huku akiendelea kunywa chai yenye sukari nyingi. Karatasi hii inaeleza kwa nini kufanya hivyo hakutoshi, na hatua gani husaidia zaidi.

TRIGLISERIDI NI NINI?

Ni aina ya mafuta yanayosafiri ndani ya damu. Mwili huyatumia kama akiba ya nguvu. Sehemu hutoka katika vyakula vya mafuta. Sehemu nyingine hutengenezwa na ini. Ukila sukari na wanga kuliko mwili unavyohitaji, ini hugeuza ziada kuwa mafuta na kuyapeleka katika damu. Pombe nayo hulifanya ini litoe mafuta zaidi. Kwa hiyo hata mtu asiyekula nyama, na hata mtu mwembamba, anaweza kuwa na trigliseridi nyingi.

Zikiwa juu kwa muda mrefu, hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huongezeka, hasa kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, na kwa mvuta sigara. Zikiwa juu sana, kongosho linaweza kuvimba, na ugonjwa huo huweza kuua.

KIPIMO

Kwa kawaida damu hupimwa asubuhi, baada ya kukaa saa 9 hadi 12 bila chakula. Maji matupu yanaruhusiwa, chai hairuhusiwi. Kama unatumia dawa za kisukari, muulize mhudumu kabla ya kufunga, kwa sababu sukari yako inaweza kushuka vibaya.

Majibu husomwa hivi, kwa miligramu katika desilita moja ya damu:

- Chini ya 150: kawaida
- 150 hadi 199: zimeanza kupanda
- 200 hadi 499: ziko juu
- 500 na zaidi: ziko juu sana, mwone daktari bila kuchelewa

Maabara nyingine hutumia milimoli. Hapo kawaida ni chini ya 1.7, na juu sana ni kuanzia 5.6 hivi.

UFANYE NINI?

1. Punguza sukari. Mtu anayekunywa gilasi 3 za chai kwa siku, kila moja vijiko 4, amekula vijiko 12 vya sukari, karibu gramu 50. Soda moja ya mililita 300 huweza kuwa na vijiko 8. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Kiu itulizwe kwa maji safi.

2. Acha pombe. Marisa, araki na bia zote huongeza trigliseridi. Ukiwa na kiwango cha 500 au zaidi, usinywe hata kidogo. Kama umekuwa ukinywa sana kila siku, ongea kwanza na mhudumu wa afya, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kukuletea degedege.

3. Panga sahani yako. Punguza kidogo asida, ugali, kisra au mandazi, uongeze maharage, dengu, kudra, bamia na mboga nyingine. Ukipata samaki wa mto Nile, mchemshe au mwoke badala ya kumkaanga.

4. Pima mafuta kwa kijiko. Mafuta ya mgao huongezewa vitamini A na D, na familia inayahitaji. Usiyauze wala kuyatupa. Pikia kiasi, na usikaangie mafuta yaleyale mara nyingi. Lakini mwenye kiwango cha juu sana huenda akahitaji kupunguza mafuta ya kila aina. Afuate maelezo ya daktari.

5. Tembea. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki, zinasaidia. Kubeba maji na kulima pia ni mazoezi.

6. Acha sigara. Moshi huharibu mishipa ya damu.

Kama una uzito kupita kiasi, kupunguza hata kilo 5 kati ya kila 100 hushusha trigliseridi.

ZINGATIA

- Usiwapunguzie chakula watoto, wajawazito wala wanaonyonyesha kwa sababu ya maelezo haya. Mtu aliyekonda asijinyime chakula.
- Kisukari kisichotibiwa, ugonjwa wa figo na baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za VVU, huweza kupandisha trigliseridi. Usiache dawa yoyote mwenyewe. Mwambie daktari, anaweza kukubadilishia.
- Nenda hospitali mara moja ukipata maumivu makali ya tumbo la juu yanayofika mgongoni pamoja na kutapika, au maumivu ya kifua yanayobana.

Kipimo hiki hakifanywi katika kila zahanati. Usipokipata, anza na hatua hizi: hazihitaji fedha, na sukari utakayopunguza itakubakizia kitu mfukoni.

Kwa maswali, mwone mhudumu wa afya wa eneo lako. Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma.