Anaponawa mikono mpaka ikachubuka
KATIKA laini za mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, mfereji mmoja mara nyingi huhudumia nyumba nyingi. Mtoto anayenawa mikono mara 20 asubuhi hajifichi: majirani hungoja na ndoo, mama hukaripia, na kengele ya shule hulia. Darasani hufuta jibu lililo sahihi mpaka karatasi ikatoboka.

Je, huu ni utundu? La. Tabia hiyo ikimla saa nzima au zaidi kwa siku na kumvurugia masomo, huenda ni ugonjwa wa wasiwasi. Huwapata watoto 1 hadi 3 katika kila 100. Kunawa humtuliza kidogo, kisha hofu hurudi na nguvu zaidi.

Kiboko hakiiondoi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakikataza shuleni. Lakini nawe mzazi, usimhakikishie mara 10 kwamba mikono ni safi. Huko ni kuilisha hofu.

Tiba aliyoieleza mwanasaikolojia Victor Meyer mjini London mwaka wa 1966 ingali msingi: mgonjwa aguse anachokiogopa, kidogo kidogo, asinawe papo hapo, mpaka hofu ipungue yenyewe. Mtoto huongozwa na mtaalamu. Anzia hospitali ya kaunti, Kericho au Longisa. Mwone mwalimu pia, mkubaliane kwamba kosa likatwe kwa mstari mmoja tu, lisifutwe.

Haba na haba hujaza kibaba. Mara 20 zikiwa 15, msifu.