Rejeta ya Shaba Katika Nchi ya Shaba

Maji hayachemki Kolwezi kama yanavyochemka Dar es Salaam. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Lualaba nchini Kongo, uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji ya sufuriani huchemka yakifika nyuzijoto 95 hivi, si 100. Anayepika maharage huongeza kuni, basi. Lakini mwenye Peugeot 404 au Land Rover ya miaka ya 1960 amepoteza nyuzi tano alizozihitaji sana, kwa sababu injini za namna hiyo hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 90. Nafasi inayobaki kabla ya mvuke ni nyembamba.

Watengenezaji waliipanua nafasi hiyo kwa kifuniko. Kifuniko cha rejeta kina springi na raba. Huzuia mvuke usitoke mpaka shinikizo lifike kiwango fulani, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Kifuniko cha bar 0.5 kikiwa kizima, maji ya injini pale Kolwezi hayachemki hadi karibu nyuzi 108. Raba ikikauka na kupasuka, gari linarudi kwenye zile 95, na mlima mmoja wa barabara ya Likasi, nyuma ya lori lililobeba shaba kwa mwendo wa kobe, unatosha kulichemsha. Ndiyo maana fundi mwangalifu hununua kifuniko kabla hajafikiria kununua rejeta. Kiwe na namba ileile ya zamani, kwa kuwa kifuniko kikali zaidi juu ya rejeta ya miaka 50 hufumua viungo vyake.

Kifuniko kikiwa kizima na gari bado linachemsha, sasa rejeta yenyewe inastahili kutazamwa.

Adui wa nje huonekana kwa macho. Kiangazi cha Lualaba, kuanzia Mei hadi Septemba, barabara za udongo hutoa vumbi jekundu ambalo huingia kila mahali, na mbegu za majani hujibanza katikati ya mapezi membamba yanayopaswa kupitisha upepo. Uchafu huo huoshwa kwa maji ya mpira yanayopigwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili utoke kwa njia ulioingilia. Maji yenye nguvu nyingi yasitumike. Mapezi ya shaba hulala kwa urahisi, na pezi lililolala halipitishi upepo.

Adui wa ndani ni maji yenyewe. Shaba ya Katanga, eneo ambalo Lualaba ni sehemu yake, imelala ndani ya miamba ya dolomiti, yaani mawe ya kalisi na magnesi. Maji ya kisima yanayopita katika mawe hayo hubeba madini yake, na yakipashwa moto huyaacha ukutani, kama ukoko mweupe wa birika. Ndani ya rejeta ukoko huo hukuta vijibomba vyembamba mno. Mwaka wa kwanza hupunguza joto linalotoka. Miaka kadhaa baadaye kijibomba huziba kabisa, kisha cha pili, kisha safu nzima. Anayejaza maji ya kisima kila Jumatatu kwa sababu rejeta inavuja huleta madini mapya kila Jumatatu.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Injini ipashwe moto mpaka mpira wa juu uwe wa moto, izimwe, halafu kiganja kipitishwe polepole karibu na uso wa rejeta. Rejeta nzima hupoa taratibu kutoka juu kwenda chini. Palipo baridi ghafla katikati, vijibomba vimeziba. Madoa ya kijani kwenye viungo ni dalili ya mvujo wa siku nyingi, kwani shaba hufanya kutu ya kijani. Na kama mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta tangu injini inapowashwa ikiwa baridi, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo rejeta mpya itakuwa pesa iliyotupwa.

Inafaa kusimama kidogo mbele ya kitu hiki kabla ya kukifungua. Gari la kwanza la Carl Benz, la mwaka 1886, lilipoza injini kwa kuacha maji yageuke mvuke na kupotea, kwa hiyo dereva aliongeza maji njiani. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alibuni rejeta ya sega la nyuki kwa ajili ya Mercedes ya nguvu farasi 35: vijibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja milimita 6 kwa 6, vilivyounganishwa kwa lehemu. Maji yaliyohitajika yalishuka hadi lita 9. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 70, rejeta ya gari ilikuwa kazi ya shaba: mapezi ya shaba nyekundu, vijibomba na matangi ya shaba njano, viungo vya risasi na bati.

Orodha hiyo ya metali inasomeka kama ramani ya Katanga ya zamani. Shaba nyekundu ilitoka Kolwezi, ambako kiwanda cha Luilu kilianza mwaka 1960 kuisafisha kwa umeme. Shaba njano ni shaba iliyochanganywa na zinki, na zinki ilichimbwa Kipushi, karibu na Lubumbashi, mgodi uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena mwaka 2024. Bati lilichimbwa Manono. Hata kabla ya migodi hiyo, mafundi wa nchi hii waliyeyusha shaba kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu na kuimimina iwe misalaba iliyotumika kama fedha. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Lehemu ya rejeta huyeyuka chini ya 300. Mikono iliyokuwa ikiweza kazi ya kwanza haikuwa na sababu ya kuogopa ya pili, na hapo ndipo ubora wa rejeta ya kale ulipo: inafunguka, inasafishika na kuzibika kwa moto wa makaa, mbali na kiwanda.

Rejeta za leo haziko hivyo. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viwanda vilihamia alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwenye ukingo, kwa sababu ni nyepesi na nafuu kutengeneza. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini wahandisi walifidia kwa kupanua vijibomba, na gari jipya halipati hasara. Plastiki ikipasuka, hata hivyo, haichomelewi kwa lehemu. Kwa gari la kale linaloishi Kolwezi, mbali na duka la vipuri vyake, rejeta ya shaba iliyowekwa kiini kipya, yaani vijibomba na mapezi mapya, ni chaguo bora kuliko ya alumini iliyolazimishwa kuingia mahali pasipo pake.

Kazi yenyewe hufanyika uani, asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Hili si la mjadala: kifuniko kikifunguliwa maji yakiwa na joto la kupita 100, shinikizo huondoka na maji hulipuka kuwa mvuke usoni mwa anayefungua. Nyaya za betri hutolewa. Chini ya rejeta za zamani mara nyingi kuna koki ndogo ya kumwagia maji. Huwa imeganda, na kuilazimisha kwa koleo huivunja, kwa hiyo heri kuacha maji yatoke kupitia mpira wa chini. Beseni lisisahaulike. Maji yenye dawa ya kupozea ya ethilini glikoli yana utamu unaowavuta mbwa na watoto, na yanaua.

Mipira mikuukuu hushikana na shingo za rejeta. Anayeizungusha kwa nguvu huing'oa shingo pamoja na lehemu yake. Mpira uchanwe kwa kisu kwa urefu na kubanduliwa; utabadilishwa vyovyote vile. Kipande cha kadibodi huwekwa kati ya feni na rejeta, kwani panga moja la feni likigusa mapezi wakati wa kunyanyua, vijibomba kadhaa huharibika. Kisha bolti za pembeni, zilizolowanishwa mafuta tangu jana yake, hufunguliwa, na rejeta hunyanyuliwa wima. Raba inazokalia zitunzwe. Bila raba hizo mitikisiko ya barabara huingia moja kwa moja kwenye viungo vya lehemu na kuvipasua.

Sasa vipimo: urefu, upana na unene wa kiini, kipenyo cha kila shingo, umbali wa matundu ya bolti, na nafasi kati ya kiini na feni. Unene ndio unaowaponza wengi. Kiini chenye safu moja zaidi ya vijibomba kinavutia, lakini kikila nafasi ya feni, gari haliondoki uani. Kwenye Peugeot 404 na 504 nyingi kuna jambo jingine la kuangaliwa: feni yake hushikwa na sumaku ya umeme, huanza kuzunguka maji yakipata moto na huachiwa yakipoa. Waya au swichi ya joto ikifa, feni hukaa kimya na rejeta hulaumiwa bure. Wala 404 halikuwa gari dhaifu. Bert Shankland wa Tanzania alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na 1967, katika joto na matope ya Afrika Mashariki.

Rejeta ikiwa nje, injini nayo isafishwe. Thamostati, vali inayofunguka kwa joto, hutolewa, maji ya mpira huingizwa kwa juu na kuachwa yatoke chini mpaka yawe meupe. Ukoko mgumu hulainishwa kwa asidi ya limau iliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu. Magadi makali ya kusafishia mabomba yasikaribie kabisa, maana hula alumini, na silinda hedi ya 404 ni ya alumini.

Thamostati hiyo irudishwe. Barabarani Afrika nzima kuna desturi ya kuitupa ili gari "lipoe", na desturi hiyo inaharibu injini. Mafuta ya injini isiyofikia joto lake hukusanya maji na matope. Zaidi ya hapo, katika injini kadhaa thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto hurudi ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi kuliko mwanzo.

Tundu likiwa dogo, na vijibomba vikiwa wazi, hakuna haja ya kiini kipya. Shingo huzibwa, rejeta huzamishwa kwenye pipa la maji, na hewa kidogo huingizwa kwa pampu ya baiskeli, bila kupita shinikizo la kifuniko. Mapovu huonyesha mahali. Pale husuguliwa mpaka shaba ing'ae, hupakwa dawa ya kulehemu, na chuma cha kulehemu chenye kichwa cha shaba, kilichopashwa kwenye makaa, huyeyusha lehemu iingie. Uso mchafu haupokei lehemu, na moto mwingi hufumua viungo vya jirani.

Lakini lehemu hiyo ina risasi. Kolwezi ni mji ambao watu wake tayari wamebeba metali mwilini: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliofanywa mtaa wa Kasulo, ulioonyesha kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakazi, hasa watoto. Kuongeza risasi juu ya hapo ni dhuluma kwa mtoto. Kazi ya lehemu ifanyike nje, mbali na jiko na watoto. Vumbi la kusugua lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na mikono na nguo zioshwe kabla ya kugusa chakula. Fundi anayefanya kazi hiyo kila siku anahitaji ulinzi huo kuliko mtu yeyote.

Kurudisha rejeta ni safari ileile kinyume, isipokuwa ujazaji. Yatumike maji yaliyotoneshwa, au ya mvua yaliyokingwa safi, pamoja na dawa ya kupozea ya aina ya zamani inayolinda shaba na lehemu. Kadhaa kati ya dawa mpya zilitengenezwa kwa ajili ya alumini. Baridi ya Juni haigandishi injini Kolwezi, lakini dawa hiyo huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Pua ya gari huinuliwa, koki ya hita hufunguliwa, maji humiminwa polepole, na injini huachwa iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka thamostati ifunguke. Maji hushuka ghafla wakati huo, hewa iliyonaswa ikitoka. Huongezwa mpaka chini kidogo ya shingo. Baada ya mzunguko mfupi mjini gari hulala, na asubuhi kimo cha maji hutazamwa tena.

Rejeta iliyotolewa isipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku hiyohiyo, hata kama bei ya shaba ni nzuri. Kiini kipya kinaweza kuagizwa kwa vipimo. Matangi ya shaba njano yenye shingo mahali pake sahihi ni vigumu mno kuyapata kwa gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza miaka mingi iliyopita, na fundi rejeta atayahitaji yote mawili.