Sindano ya Kifundoni na Choo Kisichozuilika

Hapa Uingereza, jamaa zetu siku hizi wanataja sukari, presha, hata saratani bila kushusha sauti. Kushindwa kuzuia haja kubwa hakutajwi. Mama anaacha kuhudhuria harusi, mzee anaanza kuswali nyumbani ilhali msikiti uko mtaa wa pili, na watoto wanadhani ni uzee tu. Utafiti wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta takriban watu wazima 8 katika kila 100 wanaoishi majumbani wana tatizo hili. Wengine lilianza walipochanika wakati wa kujifungua, wengine kisukari kimedhoofisha mishipa yao ya fahamu, wengine walifanyiwa upasuaji.

Katika matibabu wanayotajiwa wagonjwa, umeme ndio unaowashangaza zaidi. Sindano nyembamba huchomwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, kisha umeme hafifu hupitishwa kwa nusu saa. Mguu unahusikaje na choo? Mshipa wa fahamu unaopita hapo unatoka kwenye mizizi ileile ya chini ya mgongo inayotuma pia mishipa kwenye njia ya haja kubwa. Tafiti ndogo za mwanzo zilileta habari njema, na kliniki kadhaa zikaanza kuitoa huduma hiyo.

Lakini mgonjwa aliyekaa miaka bila kusikilizwa, akapata muuguzi mpole wa kumwona kila wiki, anaweza kupata nafuu hata kama umeme haukufanya lolote. Ndiyo maana watafiti wakiongozwa na Charles Knowles wa Queen Mary University of London walipanga jaribio kali zaidi, wakalichapisha katika jarida la Lancet mwaka 2015. Wagonjwa 227 wa hospitali 17 za Uingereza waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walitibiwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, ila nusu yao sindano yao haikupitishwa umeme. Vibandiko mguuni viliwapa msisimko mdogo ili wasitambue tofauti. Mwishowe, waliopunguziwa matukio ya kila wiki kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 38 kwa umeme wa kweli na asilimia 31 kwa ule bandia. Pengo hilo ni dogo kiasi kwamba laweza kuwa la bahati tu.

Hali ilikuwa kama hiyo kwa umeme unaowekwa moja kwa moja kwenye njia ya haja kubwa. Jaribio la mwaka 2006 lililinganisha mapigo 35 kwa sekunde na pigo 1 tu, ambalo halitarajiwi kuutia nguvu msuli. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti. Nafuu yao ilikuwa ya kweli, na kwangu mimi inaonyesha uzito wa kusikilizwa na kufuatiliwa.

Uchambuzi wa baadaye wa jaribio la kifundo uligundua kwamba wasio na shida ya kumaliza choo vizuri walinufaika zaidi na umeme wa kweli. Hiyo ni fununu ya kupimwa upya, kwani ilipatikana baada ya matokeo kujulikana.

Njia nyingine ni kupandikiza kifaa kinachosisimua mishipa ya fahamu chini ya mgongo, iliyoelezwa mara ya kwanza na Klaus Matzel na wenzake huko Ujerumani mwaka 1995. Hapo mgonjwa hufanyiwa kwanza majaribio kwa waya wa muda, na kifaa cha kudumu huwekwa akionyesha nafuu ya kutosha. Ni upasuaji, hauanziwi.

Kinachoanziwa ni chakula, dawa ya loperamide ya kukaza choo, na mazoezi ya misuli ya nyonga. Mwanamke anayevujwa na choo kupitia ukeni tangu ajifungue aseme hivyo waziwazi, maana huenda ana fistula, yaani tundu kati ya njia ya haja kubwa na uke, na umeme hauizibi. Ukipanga miadi kwa daktari wa mtaa, omba mkalimani wa Kiswahili, wa kike au wa kiume upendavyo. NHS haikutozi kwa hilo, na mwanao hatalazimika kukaa katikati ya mazungumzo hayo.